Upawa wa Bi Siwatu

Zama hizo waganga wa meno walikuwa hawataki fedha, walikata ladha ya mtu kuwa ndiyo malipo. Bi Siwatu alikwenda kusafishwa meno akijua atakatwa ladha ya sukari tu, tena kwa mwezi mmoja. Kumbe chini ya fizi kulikuwa na ukoga mgumu, mganga akaukwangua nao.

"Hiyo ilikuwa kazi ya pili, bibi," akaambiwa alipokwisha kusukutua. "Tumekata na chumvi. Hairudi."

Jioni mkamwana wake, Maua, akamletea upawa wa mchuzi, maana nyumbani kwao hapaliwi mpaka yeye aonje.

Akaonja. Maji matupu.

"Ongeza chumvi, mwanangu."

Wakala, kila tonge wakilishushia maji. Hakuna aliyelalama.

Kesho yake Maua akaonja mwenyewe, akamtabasamia. Bi Siwatu naye akatabasamu, meno meupe pe.