Utani Unauzwa Mbali

Nilifika Tabora kumwona mjukuu wangu Salma, nikamkuta kapakatwa na yaya wa chuma, mpya kabisa. Nikasema kama babu yeyote, "Huyu ni mke wangu. Leo namtorosha."

Yaya akafunga mlango, akamkumbatia mtoto na kurudi nyuma.

"Baba, hajui utani," akasema mwanangu Tausi. "Umo ndani mwake tangu kiwandani, ila wameufunga mpaka tuulipie."

"Kama umo, mlinunua nini?"

"Waliomtengeneza nao wana watoto, mzee," akajibu mkwe wangu, Masudi.

"Basi na wao wauziwe watoto nusunusu."

Tukabishana hadi chai ikapoa. Salma alilia, na kila nikisogea yaya alinipa mgongo. Mwisho Tausi akabonyeza simu, akalipia. Yaya akacheka, akanikabidhi mke wangu.

Tangu hapo, kila nisemalo, kwa yaya ni utani. Leo wazazi wametoka, nimempakata Salma, kifua kikanibana.

"Mpokee mtoto," nikamwambia yaya. "Nakufa."

Akacheka.

Nimeketi sakafuni ili mtoto asianguke kutoka juu. Namwambia yaya tena, polepole, bila kutabasamu.