Gogo la Ubavuni

Uliliona tanga la Mzee Tsihoarana asubuhi ile. Usikatae. Lilipita mbele yako likielekea nje ya mwamba, nawe ukainamisha kichwa ukaendelea kupara samaki wako, kama kawaida yako kila kinapopita kitu cha kuangaliwa mara mbili.

Basi sikia. Mchana walimrudisha Velomana, kijana wa mzee huyo, kalala kifudifudi ndani ya boti ya mjomba wake kama pweza aliyepigwapigwa mwambani. Nyuma wanakokota ngalawa yake. Tanga halipo, nguzo za tanga hazipo, hata lile gogo la ubavuni linaloizuia ngalawa isipinduke halipo.

Kijiji kizima kilishuka mchangani. Mama yake alimvika kanga yake mwenyewe, analia na kumtukana kwa pumzi moja.

"Mvezo mzima kapinduka!" mtu alipiga kelele. "Mpelekeni bara akalime mahindi!"

Wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wameshaanza kujiandaa kwa kilio. Velomana hakucheka. Kwa Wavezo, watu wa bahari, heri uitwe mwizi kuliko kuitwa mtu aliyeshindwa na bahari.

Mjomba Bemiray alikuwa amechutama kando ya ngalawa, anapapasa pale gogo lilipokuwa limefungwa.

"Hii kamba haikukatika yenyewe," alisema. "Imekatwa. Kwa kisu."

Watu wakasogea kuiangalia kamba.

"Gogo lilivunjika mkono mmoja wa kulishikilia," Velomana alisema, macho mchangani. "Likawa linaivuta ngalawa chini. Nikakata."

"Mmemsikia?" Mjomba aliruka akasimama. "Chombo kwanza! Huyu ndiye Mvezo. Nyinyi mnaocheka, nani kati yenu angekumbuka kisu huku anakunywa chumvi?"

Wakampigia makofi. Makofi yale yalimuuma kuliko kicheko.

"Ila niambie, mpwa wangu," Mjomba akamtania, "tanga kubwa lile, nguzo mbili za kuhamisha kila upepo ukigeuka, na wewe uko nyuma umeshika kafi. Ulizihamisha kwa meno?"

Velomana alifungua mdomo. Mbele yake alisimama baba yake, yule yule ambaye kila akizitambikia ngalawa zake hutaja mwiko ule ule: mtu wa bara asikanyage chombo changu, bahari itachukia.

"Tanga nililichukua bila kukuomba, baba."

Silo neno lililokuwa kooni, lakini ndilo lililotoka.

Mzee Tsihoarana akamwekea mkono kichwani. "Tanga ni kitambaa tu. Mimi nilishajua nimepoteza mtoto."

Wakampeleka nyumbani, wakamkalisha mkekani, wakamletea wali na samaki. Nje, jua lilikuwa bado juu na upepo umetulia. Boti zote zilikuwa zimeshapandishwa mchangani.

"Haova!" mama aliita. "Maji ya ukoko wa wali hayo, mwanangu anatetemeka!"

Haova alikuwa binti wa kazi, mmoja wa wale waliosukumwa na njaa ya bara hadi pwani, wanaolala jikoni na kuhesabiwa pamoja na masufuria. Hakuitika.

"Haova we! Mtoto huyu, ukimhitaji ndiyo hayupo. Tangu asubuhi sijamtia machoni."

"Atakuwa kwa wenzake," jirani alisema. "Hao ukiwapa wali wanashiba, wakishiba wanatoroka."

Wakacheka tena. Mama akajiinukia mwenyewe, akamimina maji.

Velomana alipokea kikombe. Akatazama nje ya mlango, baharini, kule mkondo ulikolichukua gogo baada ya kamba kukatwa. Gogo jepesi, lisilozama, na Haova amelikumbatia kwa mikono yote miwili, anamwita jina lake.

"Kunywa, baba," mama alimbembeleza.

Akanywa.

Wewe uliyeliona tanga asubuhi: ulihesabu vichwa vingapi? Weka kisu chini. Jua bado liko juu. Sukuma ngalawa.