Pikipiki ya Marehemu

Pigo la kwanza lilimkuta fundi amepiga magoti, anakaza nati ya gurudumu la nyuma. Hakusikia hodi wala hatua. Alisikia mbavu zake zikilia kama kuni kavu, kisha sakafu ya saruji ikamjia usoni.

"Mwizi mkubwa we!" Sauti ilitoka juu yake. "Muuaji!"

Fundi alijiviringisha chini ya meza. Mtu asiyemjua, mrefu, kichwa kimenyolewa, alikuwa ameshika kipande cha bomba la maji na anakiinua tena. Fundi akapapasa, mkono ukaangukia mnyororo mkuukuu wa pikipiki. Akauzungusha mara moja tu. Ulimkuta mgeni gotini, naye akaenda chini pamoja na kopo la misumari.

Hapo wakashikana. Gereji yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko, haikuwa na nafasi ya watu kupigana vizuri, basi walipigana vibaya. Mgeni alimng'ata fundi sikio. Fundi alimkandamiza jicho kwa kidole gumba. Damu ikachanganyika na oili, haikujulikana tena ya nani ni ipi.

Aliyewatenganisha ni mke wa fundi. Aliingia, akanyanyua beseni la oili chafu, akawamwagia wote wawili.

"Mnauana kwa ajili ya chuma?" akauliza. "Basi uaneni kimyakimya. Mtoto ndiyo kwanza kalala."

Wakabaki wamekaa chini, wanahema, weusi tititi. Mgeni akaionyesha pikipiki kwa kidole.

"Nimekuona asubuhi unaijaribu barabarani. Chini ya tangi kuna mshono wa kuchomelea umepindapinda, mbaya kweli. Ule ni mkono wangu. Nilimchomelea kaka yangu, wiki mbili kabla hajauawa."

Fundi hakuhitaji kuinama kutazama. Mshono ule aliufahamu. Mara ngapi alikuwa ameucheka peke yake, akisema aliyeufanya alikuwa amefumba macho. Miezi mitano alikuwa akiijenga pikipiki hiyo. Aliikuta kwa mzee wa chuma chakavu, fremu imekatwa vipande vinne, namba za injini zimesagwa. Aliviunga vile vipande, akairefusha kwa nyuma, akaiwekea usukani mpana na kiti cha watu wawili, maana mkewe alikuwa amechoka kukalia chuma kitupu. Siku nyingi alijiuliza ni ajali gani hiyo inayokata fremu kwa mistari iliyonyooka.

"Mimi nimeinunua," akasema. "Haki ya Mungu. Kwa mzee wa chuma chakavu, hapo karibu na reli."

Mgeni alimtazama kwa lile jicho moja lililokuwa bado linafunguka. Kisha akaanza kusema, taratibu, kama mtu anayetapika.

"Walimchoma moto. Tuliukuta mwili machimboni, hautambuliki. Tulimjua kwa mkanda na funguo zake tu. Pikipiki haikuonekana. Mimi nikajua kazi hiyo ni ya nani. Kaka alikuwa na rafiki, walikuwa chanda na pete, na siku hiyo waliondoka pamoja. Nikamfuata kwake na nyundo. Alikana. Nilimpiga mpaka meno yakaisha, bado anakana. Alikata roho anakana."

"Na wewe?"

"Miaka saba. Nimetoka jela Jumatatu."

Mke wa fundi akavua kanga yake ya begani, akampa.

"Futa uso, shemeji."

Ni neno hilo lililomgeuza fundi. Mbavu zilimuuma kila alipovuta pumzi, lakini sasa hasira yake ilikuwa na pa kwenda. Miezi mitano amekesha na kushinda akiinakshi damu ya watu, na kuna mtu alimuuzia huku akimchekea. Akainuka kwa kujishikilia meza, akachukua nyundo.

"Huyo rafiki alikufa, sawa. Pikipiki ilifichwa na nani miaka yote saba? Twende."

Mzee wa chuma chakavu alikuwa akipima nyaya za shaba. Alipoona sura mbili zilizovimba, zinachuruzika oili na damu, aliacha kila kitu akatimua mbio. Hakuufikia mlango wa nyuma. Mgeni alimkaba shingo, fundi akaulaza mkono wa mzee juu ya chuma cha mzani.

"Nani alikuletea ile pikipiki?"

"Nitakumbuka wapi, wanangu? Chuma ni chu—"

Fundi akashusha nyundo. Kidole kimoja. Maishani mwake hakuwahi kumvunja mtu kitu, na kilichomtisha ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuliko kunyoosha rimu. Akainua tena, akashusha. Cha pili.

"Mwenyewe!" Mzee alipiga yowe hadi sauti ikakatika. "Aliileta mwenyewe! Nihurumieni, aliileta mwenyewe!"

"Mwenyewe tulimzika," mgeni akamwambia sikioni, akimkaza zaidi. "Taja mtu."

Mzee akageuza shingo kwa shida. Kwa mara ya kwanza alimtazama mgeni vizuri, uso kwa uso, machozi yakimtiririka. Mara akaacha kujitetea.

"Kumbe ndiwe mdogo wake," akasema. "Mmefanana kama pacha. Alinisimamia hapahapa mpaka nikamaliza kuikata, akasema kifungo chako kinakaribia kwisha."