Ndevu za Kinyozi

Kinyozi alifunga mlango wa saluni mchana kweupe, akaketi kwenye kiti cha wateja na kumpa mkewe mashine ya kunyolea.

"Utanicheka," alisema.

"Nilikucheka siku ya harusi, ukavumilia. Inua kidevu."

Kwa miaka ishirini hakuna aliyezigusa ndevu zile. Lakini barakoa ya hewa aliyopewa hospitalini ya kumsaidia kupumua usingizini haikukaa sawa juu ya ndevu hizo. Hewa ilivuja mashavuni, pumzi ikaendelea kukatika kila alipolala, na daktari alishasema moyo umechoka.

Mke alimaliza shavu la kushoto. Alipofika kidevuni, kichwa cha mumewe kikamlemea kiganjani. Alikuwa amelala. Kisha pumzi ikasimama.

Akazima mashine, akahesabu kimoyomoyo. Alipofika ishirini alimpiga kiwiko cha mbavu, kama alivyozoea kitandani miaka yote. Mume akavuta hewa kwa kishindo.

"Umemaliza?"

"Nusu."

Akajitazama kiooni: shavu moja la kijana, jingine la babu. Akaushika mkono wa mkewe, akaupeleka kwenye ndevu zilizobaki.

"Nikilala tena, niamshe."

"Kwani nimewahi kukuacha?"