Sufuria ya Mama Mkwe

"Kunywa wewe kwanza," mama mkwe alisema, akakisukuma kikombe hadi upande wa pili wa meza.

Fundi hakubisha. Alichota maji yaliyochemka kwenye sufuria ya umeme, akayapuliza, akayanywa yote. Mafundi wenzake waliacha kazi wakatazama. Mama mkwe alimkodolea macho, akingoja aanguke palepale.

Hakuanguka.

"Haya. Maana najua una kinyongo na mimi."

Kinyongo tu? Huyu mama, miaka mitatu iliyopita, alimsimamisha fundi, wakati huo mke wa mwanawe, sebuleni mbele ya mashangazi, mashemeji na majirani, akainamisha jagi la maziwa yaliyokataa kuganda. "Maziwa hayagandi kwa mwenye mkono mchafu," akatangaza. "Mwanangu hawezi kukaa na mwanamke mchafu." Na fundi alikuwa amemwona, kwa macho yake mawili, akitia sabuni ya vyombo kwenye lile jagi! Alisema, akaitwa mwongo. Mumewe akainama akaangalia viatu vyake. Jioni ile fundi alitoka na begi moja, na hasira yake haijapoa mpaka leo.

Jumatatu mama mkwe alipoileta sufuria, ganda la ndani limebanduka, hakujua atamkuta nani. Alitaka kugeuza arudi nyumbani. Lakini karakana ya kupaka vyombo rangi ya nano, ile ya chembe ndogo mno, ilikuwa hiyo moja tu, na Jumapili wakwe wapya, wazazi wa mchumba mpya wa mwanawe, walikuwa wanakuja.

"Kuna rangi mbili, mama," fundi alimwambia. "Hii inazuia chakula kisishike. Hii nyingine ina chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Hakuna kijidudu kitakachoishi humo ndani, kiwe kibaya au kizuri."

"Ipi safi zaidi?"

"Hiyo ya pili."

"Sasa unauliza nini? Mimi nimezoea usafi, si kama watu fulani."

"Una hakika, mama? Ikishapakwa haitoki."

"Nimesema paka!"

Fundi alipaka. Vyombo vya wengine hupata tabaka moja; hiki alikipa matatu, tena taratibu, bila kuacha hata pembe. Siku hiyo alirudi nyumbani akiimba.

Sasa, alipoona fundi amekunywa na bado amesimama, mama mkwe aliichukua sufuria yake, akainusa, akaondoka bila asante.

Jumamosi alichemsha maziwa kwenye sufuria ile, akayaacha yapoe humohumo, akatia kikombe chake cha mgando wa jana ili yagande, kama alivyofanya miaka yote. Kisha akafunga jikoni, ufunguo akauweka kifuani. Mchumba mpya wa mwanawe alipoomba kusaidia, alimwambia akae tu, mgeni hashiki kazi.

Jumapili sebule ilijaa. Wakwe wapya walikaa kwenye kochi kubwa, binti yao katikati. Mama mkwe alileta sufuria mwenyewe, na kabla ya kufunua akasimulia habari za mke wa kwanza, kama anavyomsimulia kila mgeni.

"Mkono wake ulikuwa mchafu, wakwe zangu, na maziwa yalimkataa. Maziwa hayadanganyi! Haya nimeyashughulikia mimi peke yangu. Hata mlango nilifunga, asije mtu akaniharibia."

Wageni wakacheka. Mama mkwe akafunua, akainamisha sufuria juu ya kikombe cha mama wa mchumba, akangoja mgando udondoke kwa mapande.

Wapi! Yalitiririka kama maji, meupe, mepesi, kama yaliyokamuliwa asubuhi ile. Akajaza kikombe cha pili, cha tatu. Yaleyale. Kicheko kikakatika. Mwanawe aliinua macho kutoka kwenye viatu, akamtazama mama yake kwa muda mrefu.

Mama wa mchumba alikishusha kikombe mezani bila kukionja. Aliitazama mikono ya mwenyeji wake, wa kulia, kisha wa kushoto, halafu akamgeukia binti yake.

"Chukua mkoba wako, mwanangu. Twende."