Mkanda wa Sajini Geresom

Siku aliyoitwa mahakamani Jinja, Sajini Geresom alifunga suruali yake kwa kamba ya katani. Mkanda wake mpana wa kipolisi, wenye bizimu ya shaba, aliuzungushia gazeti akaubana kwapani.

"Wee mzee!" mkewe Akello alicheka mlangoni pa chumba chao cha kupanga, mtaa wa Namakwekwe, Mbale, alikohamishiwa baada ya vita. "Afande mzima unafungwa kamba kama mbuzi wa sokoni? Si uvae mkanda wako!"

"Mkanda leo ni shahidi," akajibu. Hakucheka.

Njia nzima kutoka Mbale hakusema na mtu. Moyo ulikuwa unamsuta, na mtu anayesutwa na moyo hana haja ya mwenzake wa kumsema.

Miaka miwili na ushei nyuma, vita vikiwa vinabisha hodi Jinja, alikuwa amewekwa kwenye kizuizi cha barabarani cha mtaa wa Nalufenya. Ah, siku zile! Maafande hawalali, hawali, na kila mtu hasira ziko puani. Maji waliletewa na watoto wa mtaa, na ole wake mzazi ambaye mtoto wake hakuleta. Ndipo alasiri moja Kagoya, yatima wa miaka saba aliyelelewa na Magidu muuza vitambaa na mkewe Nulu, akaokotwa nyuma ya nyumba yao, hajitambui, mgongo umechanika. Daktari aliandika kwamba ni mkanda, na alama za bizimu zinaonekana. Majirani wakakumbuka kwamba asubuhi Nulu alimgombeza mtoto huyo kwa sauti. Mtoto mwenyewe hakusema kitu. Tangu siku ile hajasema neno kwa binadamu yeyote.

Kesho yake karatasi ya kukiri ilikuwa tayari: mwandiko wa Geresom, dole gumba la Magidu. Mahakama ikampa Magidu miaka saba.

Sasa vita vimekwisha, maduka ya Jinja yanapakwa chokaa upya, na Nulu amemtafutia mumewe wakili wa rufani. Wakili huyo, Wamboga, hakuwa na silaha nyingine ila karatasi ile ile.

"Sema tu alikiri kwa hiari yake," mwendesha mashtaka alimnong'oneza Geresom barazani, "halafu urudi kwako ukapumzike." Na kweli, kila mtu alijua hivyo ndivyo atakavyosema. Polisi gani amewahi kusema vingine?

Akapanda kizimbani. Magidu alikuwa amekaa mbele yake, mashavu yamembonyea, anamtazama bila chuki. Hilo ndilo lililomuumiza Geresom zaidi. Laiti angetukanwa!

"Mteja wangu ni mtu wa kanzu," Wamboga alisema. "Mkanda hajavaa tangu azaliwe. Lakini hapa imeandikwa, 'nilimpiga mtoto na mkanda wangu.' Afande, maneno haya ni ya nani?"

Geresom alifungua gazeti akauweka mkanda mezani.

"Ni yangu, bwana jaji. Nilimpiga Magidu na mkanda huu mpaka akakubali. Huyu mtu hana kosa. Mimi ndio niko na kosa."

Mahakama nzima ikaguna. Magidu akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Hapana, bwana jaji! Mimi..." Wamboga akamvuta mkono akamkalisha.

Jasho lilimtiririka Geresom mpaka kwenye kamba ya kiuno. Alijua cheo kimekwenda. Nacho kiende! Kumpiga mshukiwa wakati wa vita, afande gani hakufanya? Kwa hilo watamfokea, watamvua gwanda, lakini hawatamtia jela. Na Magidu atalala kwake leo.

Ikawa hivyo hivyo. Jaji alimkaripia mbele ya watu kama mtoto aliyeiba nyama chunguni, kisha akaitupilia mbali karatasi. Pasipo karatasi ile hapakuwa na kesi. Magidu akaachiwa huru, na karani akamrudishia Geresom mkanda wake. Geresom akatoka nje ameuning'iniza mkononi, hata gazeti amelisahau. Kwa mara ya kwanza tangu vita alivuta pumzi ikafika chini.

Magidu alimfuata mbiombio barazani.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini, "mbona umejisingizia? Hukunigusa hata kidole. Chai ulinipa! Mimi nilikuja kituoni kwa miguu yangu nikakuambia andika, kwa sababu niliogopa ni Nulu, kwamba hasira zilimzidi. Nikasema bora nifungwe mimi. Tena nilisema fimbo, mkanda ukauandika wewe." Akatazama nyuma, mlangoni pa mahakama. "Sasa nimetoka. Si watamgeukia mke wangu?"

"Hawatamgeukia," Geresom alisema. "Mke wako hajafanya kitu."

"Wewe umejuaje?"

Papo hapo Nulu akaja anapanda ngazi mbio, machozi na kicheko pamoja, amemshika Kagoya mkono. Walikuwa wamengoja nje muda wote. Mtoto alikuwa amerefuka. Alimtazama Magidu, akamtazama Geresom, kisha macho yakashuka mpaka kwenye ile bizimu ya shaba.

Akauachia mkono wa Nulu. Akasogea taratibu mpaka mbele ya sajini, akapiga magoti kwenye saruji, akamgeuzia mgongo na kuuinamisha.

"Afande," akasema, "leo sijamwaga maji."