Toleo la Nne la Mashine ya Chapwa

Kosa lilikuwa kwenye mstari wa sita, na mkaguzi alikuwa ameshashuka kwenye bodaboda.

"Mama Erica, umemaliza?" aliuliza Mwalimu Mbonile, huku akimtazama mgeni akijikung'uta vumbi la malori.

"Bado, Mwalimu. RUDIA haijui kuacha."

Tukuswiga alikaa kwenye benchi la barazani, Erica mgongoni, daftari mapajani. Ndani ya daftari hilo ndimo ilimokuwa Tuma, lugha ya kuiamuru kompyuta kwa Kiswahili, ambayo yeye na mwalimu wake wa masomo ya jioni walikuwa wakiitunga tangu Januari. Toleo la tatu liliwatia aibu. Jumanne iliyopita waliiambia mashine RUDIA, ikarudia saba mara nane mpaka mlinzi akaja kutishia kuwafungia lango.

La nne lilikuwa la majaribio tu. Bahati nzuri, majaribio yenyewe yalikuwa leo, mbele ya mtu mwenye fomu.

Shirika moja la kule mjini lilikuwa likigawa kompyuta kwa madarasa ya watu wazima, tena kwa hekima kubwa: darasa lenye kompyuta liongezewe kumi, lisilo nayo lipewe kalenda. Kwenye nafasi ya "Mlizonazo" Mwalimu aliandika "moja". Zisipokuja hizo kumi, chumba kinarudi kwa mwenyewe, ambaye ana mahindi ya kuhifadhi. Na Tukuswiga anarudi kwenye foleni ya malori mpakani na beseni lake la mayai ya kuchemsha, akiwachungulia dirishani wasichana wa ofisi za mawakala wa forodha, wakibonyeza vitufe kama watu waliozaliwa navyo.

Akaongeza neno moja tu baada ya RUDIA: MPAKA. Akachana ukurasa, akaupenyeza chini ya mlango wa darasa.

"Huko ndani kuna nani?" aliuliza mkaguzi. Aliitwa Ayoub, kijana wa tai fupi na kalamu mbili. Benchi alilikataa kwa ajili ya suruali yake.

"Kashinje. Ndiye anayeisomea mashine maagizo," alisema Mwalimu. "Mlango tunaufunga kwa sababu ya vumbi."

"Vizuri. Ila naona umeme umekatika."

"Tangu jana. Hii haitumii umeme, mkaguzi."

"Betri?"

"Inakaa saa tatu bila wasiwasi."

Ayoub akaandika: *betri imara*. "Imetengenezwa wapi?"

"Sehemu nyingi ni za hapahapa Chapwa. Nyingine zimetoka Ileje, mbili zimetoka Ivuna. Na moja ya Nakonde, ile ilivuka mpaka yenyewe."

"Ya kuungaunga, kwa maneno mengine."

"Ya kuungaunga," alikubali Mwalimu kwa unyenyekevu.

"Za namna hiyo huwa na kelele."

"Toleo la tatu lilikuwa na kelele sana," alisema Tukuswiga. "Likikuta kosa lilikuwa linajieleza weee, halimalizi. Hili la nne linataja mstari wenye kosa, basi, linanyamaza."

Ayoub akaguna. Ofisini kwao, alisema, ipo kompyuta iliyonunuliwa kwa zabuni, bei yake haifai kutajwa mbele ya mtoto mchanga. Ikikuta kosa, inazima. Mkurugenzi anaisifu kwamba ina nidhamu.

Kisha akaomba karatasi, akaandika mtihani wake kwa raha ya mtu ambaye hatatahiniwa. Malori kumi na saba, kila moja gunia mia tatu na kumi na mbili. Toa gunia arobaini na tatu zilizoloa. Zilizobaki zigawe sawasawa kwa maghala manne.

Tukuswiga akaigeuza hesabu kuwa mistari tisa ya Tuma. Kwenye RUDIA kalamu ilisita, akaandika MPAKA kwa herufi kubwa kuliko nyingine, kana kwamba mashine husikia zaidi ikikaripiwa. Akapenyeza ukurasa chini ya mlango.

Dakika moja. Ndani kulisikika mvumo. Dakika mbili. Erica akaamka, mama yake akamtikisa taratibu mgongoni, moyoni akihesabu mayai ya kesho. Dakika tatu, mvumo bado.

"Inarudia tu hiyo," alisema Ayoub, akaanza kukunja fomu. "Kalenda zetu ni nzuri, lakini. Zina picha za wanyama."

Mvumo ukakatika. Karatasi ikachomoza chini ya mlango: *Kila ghala 1,315. Linabaki gunia 1.*

Ayoub akabonyeza simu yake. Akabonyeza tena.

"Simu inasema kuna nukta mbili tano."

"Robo ya gunia, kaka," alisema Tukuswiga kwa upole. "Wewe ungeichana wapi?"

Mkaguzi akaitazama simu, akaitazama karatasi, akairudisha simu mfukoni. Aliandika *ipo, inafanya kazi*, akatia sahihi na muhuri.

"Mwendo wa kobe, lakini inasema kweli. Kumi zenu zitafika mwezi ujao." Akageuza ukurasa wa fomu. "Kimebaki kitu kidogo. Niione, ninukuu namba yake."

Mwalimu alimtazama Tukuswiga. Tukuswiga aliutazama muhuri mpaka akaona wino umekauka, ndipo akasukuma mlango.

"Mashine," alisema Mwalimu, "simameni."

Madawati yakalia, na watu wazima ishirini wakainuka, kila mmoja na tarakimu yake kifuani. Isipokuwa Sifuri, aliyekuwa akinyonyesha.